Kifuniko cha Mutwiri

Jumanne, Timau

Mkono umevimba, hata kalamu inaniumiza. Leo nimempiga fundi Mutwiri mbele ya wateja wake.

Hii ni pampu ya tatu ya usukani anayoniwekea tangu tuinue pikapu yangu na kuivisha matairi makubwa ya matope. Asubuhi nikitoka Kangeta na miraa, usukani ulikaza kwenye kona, nusura nibingirike bondeni. Nikafika gereji nikichemka. "Unaniwekea takataka!" Nikampasua mdomo kabla hajajibu.

Hakunirudishia. Alitema damu, akapangusa mdomo kwa vidole, akafungua tangi la oili ya usukani, akachomoa chujio. Lilikuwa limejaa nyuzi za mgomba.

Mimi! Kifuniko cha tangi kilipopotea niliziba mdomo wake kwa ganda la mgomba, lile tunalofungia miraa. Mara mbili Mutwiri aliniambia ninunue kifuniko. Mara mbili nikamwambia nitanunua.

Alisafisha chujio, akajaza oili mpya, kisha akatoa kifuniko cha gari lake mwenyewe akanifungia.

"Enda. Miraa itakauka."

Kifuniko kina damu yake. Nimefungua boneti nikakitazama jioni yote. Sijathubutu kuipanguza.