Visiki vya Mtarakwa

Jumamosi, Agosti 1996

Saa kumi sasa. Mvua ilifika saa tisa kama kawaida yake, inapiga mabati, na mikono yangu ina malengelenge ya kazi ya mtaimbo.

Leo nimeng'oa nguzo kuukuu za ua wa shamba, upande wa jirani yangu Kobot Chebet, yaani mama yake Chebet. Ni za mkaratusi. Marehemu mume wangu alizichimbia zamani, na mchwa wamezila hadi ng'ombe wanapita wapendavyo. Zilitoka kirahisi kama meno ya mtoto.

Tangu ua huo usimame, Kobot Chebet amekuwa akisema umeingia kwake mistari miwili ya chai. Mimi, mwalimu mzima, nilimwita mwongo mbele ya akina mama wa kanisa hapa Roret. Toka siku hiyo tunasalimiana kwa kichwa tu.

Seng'enge ikiwa chini, nikaona nipalilie kidogo michai ya pembeni. Jembe likagonga kitu. Nikafukua. Kisiki cha nguzo ya mtarakwa, kimekatwa kwa msumeno usawa wa ardhi, kikafunikwa udongo. Hatua tatu mbele, kingine. Nilipata vitano, vimenyooka sawasawa, mistari miwili ndani ya shamba ninaloliita langu.

Mume wangu hakuwa mtu wa kumaliza kazi. Angeving'oa, nisingejua kamwe. Alikata juu tu, akasahau kwamba mtarakwa hauozi upesi.

Kobot Chebet alikuwa kwake, akichuma majani.

"Mwalimu, hiyo ni mawe umegonga?"

"Ni mizizi tu."

Nilidanganya.

Akanusa hewa kidogo. "Siku hizi mizizi inanuka tarakwa?" Halafu akarudi kwenye chai yake, bila hasira yoyote.

Nimeona aibu, hata chai ya saa nne sikunywa. Marehemu alihamisha nguzo, sawa, lakini mdomo uliomtukana mama wa watu ni wangu. Na miaka yote hii amechuma pale kando yangu, akiona kikapu changu kikijaa majani yake.

Nguzo mpya ziko kando ya zizi. Jumatatu nitachimba mashimo pale penye visiki. Kabla ya hapo, kesho baada ya ibada, nitasimama mbele ya akina mama walewale na kusema nilichofukua.

Michai ile imechipua vizuri. Wiki ijayo itachumwa, ila si kwa kikapu changu.