Albamu ya Mama Imekataa Kufungika

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla mikono yangu haijaharibu zaidi. Mimi ni fundi wa albamu za harusi kwenye studio ya picha, kazi yangu ni kubandika, kukata kingo na kuhakikisha albamu ikifungwa inalala bapa, na baba yangu ni fundi saa mstaafu, na tangu mama atutoke mwaka juzi alikuwa akijifungia chumbani na sanduku lake la vifaa, sisi tukidhani ni majonzi tu, kumbe mzee ana kazi, mwezi uliopita akaniletea kurasa ishirini na nne za kumbukumbu za mama akasema, "Mwanangu, nitilie hizi kwenye albamu moja, ndugu zako wakija waione."

Shangazi, nilipigwa na butwaa. Kuna ukurasa una gurudumu la saa, ukilizungusha kwa kidole sura ya mama inapita kwenye kidirisha, msichana, bibi harusi, mama wa watoto, bibi mwenye mvi, halafu anarudi kuwa msichana tena, nami nilizungusha mpaka chai ikapoa, na kuna ukurasa wa vijilango vitatu vyenye bawaba, kila ukifungua kimoja unamkuta mmoja wetu akiwa mchanga mikononi mwake, na ule ulioniliza baba ameushonea kipande halisi cha mkono wa sare ya uuguzi ya mama, ukifungua kifungo unachomoa barua ambayo mama alimwandikia baba kabla hawajaoana. Mtu niliyezoea kumwona akipiga miayo mbele ya redio, sikujua ana maajabu hayo ndani yake.

Tatizo, kurasa hizo hazienei. Nilizitia kwenye albamu yetu kubwa kuliko zote, jalada likabaki wazi, mgongo ukapasuka, mwenzangu kazini akasema, "Dada, hilo sasa ni sanduku, litie kufuli," basi nikafanya tunachofanya siku zote, nikazipiga picha kurasa zote, na kile kipande cha sare nikakifumua nikakipiga pasi ili kisitie kivuli, nikazichapisha kwenye karatasi ya kung'aa, zikalala vizuri mno, kaka yangu akafurahi kwamba kila mtu atapata nakala yake, nikampelekea baba.

Akaufikia ukurasa wa sare, akapeleka kidole gumba kwenye kifungo kilichochapishwa, akajaribu kukifungua. Akajaribu tena. Kisha akasema, "Imependeza, mwanangu," akaifunga. Tangu siku hiyo hajaniuliza chochote, wala hajui kwamba kipande chenyewe nimekifumua na kiko kwenye bahasha, kwenye droo ya kazini. Kaka anasema nisimsumbue mzee, nimalizie hizo bapa. Nifanyeje?

Binti wa Fundi Saa

SHANGAZI ANAJIBU

Binti yangu, barua yako nimeisoma, nikasimama, nikaizunguka meza, nikakaa, nikaisoma tena. Miaka yote hii napokea barua za wake na waume waliochokana, na yako ndiyo ya kwanza kunifanya nimwonee wivu marehemu.

Pole, lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Umekosea. Mzee amehangaika miaka miwili akitafuta namna ya kumgusa mkewe tena, nawe umemletea karatasi ya kung'aa. Wala usijifiche nyuma ya kaka yako, uzi uliufumua wewe.

Nilimuuliza fundi wa majalada aliye jirani na ofisi yetu, akacheka sana. "Analisha tumbo, mgongo anauacha na njaa!" Maana yake hivi: baada ya kila ukurasa, upande wa mgongo, weka ukanda wa kadibodi wenye unene sawa na kitu kinene kilichomo. Mgongo ukinenepa sawa na tumbo, jalada litafunga. Tafuta albamu za skrubu, ambazo mgongo wake unaongezeka, na kurasa uzigawe kwenye albamu tatu, nane nane, baba atakuelewa. Kifungo kikiwa juu kwenye ukurasa huu, gurudumu liwe chini kwenye unaofuata, visikaliane. Ukimaliza zilaze, usizisimamishe. Kaka yako mpe nakala zake bapa aende nazo salama, za kweli zibaki kwa mzee.

Ila kabla ya kadibodi, chukua hiyo bahasha leo umpelekee baba. Usithubutu kukishona kimyakimya eti asijue. Mwambie, "Baba, nimekiharibu, nionyeshe ulivyokishona." Atakununia kidogo, vumilia. Kisha mshikie taa, utazame vidole vyake vinavyofanya kazi, maana mimi natamani kuviona na sitaviona.

Na ukiwa hapo kando yake, muulize habari zake mwenyewe. Mama yako ana kurasa ishirini na nne. Baba yako hana hata mmoja, na yeye bado yupo wa kukujibu.