Jikoni Ndiko Kwetu

Buyenzi, Bujumbura
22 Juni 1997

Mpendwa Dada Ernestine,

Goti lako linaendeleaje? Mathilde aliyeniletea barua yako kutoka Kigoma amesema sasa unatembea bila fimbo, nikafurahi sana. Sisi huku tuko wazima, risasi tunazisikia kwa mbali tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili imeniudhi. Umesikia tumegombana, basi unaniambia nimwombe mume wangu Zénon msamaha haraka, kwa sababu mwanamke asiye na kwao hana pa kununia. Sikuomba, Dada, na sitaomba.

Kosa ni lake. Alimwahidi mama yake kwamba Joëlla wetu atakwenda kusomea kwake Ngozi, wala hakuniuliza. Kwenye njia ile ya Bugarama magari yanavamiwa kila wiki, na mtoto ana miaka minane. Nilipokataa, akasema mwanamume akishatoa neno limetoka. Safari akaipanga iwe Jumamosi hii.

Wazee wetu wangekuwa hai, ningefunga nguo zangu nikarudi kwao, nikangoja aje kunichukua na pombe kama desturi yetu. Lakini unajua nyumba yao Kamenge haina hata paa. Basi Jumatatu nilibeba mkeka na sufuria, nikamshika Joëlla mkono, tukahamia kwenye lile jiko la uani. Nikaweka humo kigoda cha baba, kitu pekee nilichookoa, nikamwambia Zénon nimerudi kwetu. Ni hatua sita kutoka mlangoni kwake.

Alicheka. Jumanne akala mkate mkavu. Kufika Alhamisi majirani walikuwa wanamuuliza mkewe yuko wapi, na wewe unamjua Zénon, aibu humuuma kuliko njaa.

Ijumaa alasiri akaja. Mshenga wake alikuwa jirani yetu Mzee Shaabani, lakini Mzee ni Mwislamu safi: alisema maneno atayabeba, pombe hapana. Ikabidi mume wangu abebe mtungi wa pombe ya ndizi mwenyewe, ua mzima ukitazama. Nilijiuma midomo nisicheke.

Mzee alizungumza vizuri, lakini nikasema kwetu tunataka kumsikia mwenye kosa. Zénon akachuchumaa mbele ya kile kigoda kitupu.

“Baba, nilikosa. Mutoto hataenda popote kama mi na mama yake hatujapatana.”

Nililia, sikufichi. Kisha nikabeba sufuria yangu, nikarudi kwa mume wangu.

Kwa hiyo, Dada, ndugu wakigombana shika jembe ukalime, na usiniandikie tena kwamba sina kwetu. Mkeka nimeurudisha ndani. Kigoda kimebaki jikoni, na Zénon anajua njia.

Msalimie shemeji Jérémie, na umbusu Claude mdogo. Mungu awalinde mpaka siku tutakapokula sahani moja.

Mdogo wako akupendaye, mwenye kwao,
Concilie