Pale pa Kutaja Chakula

Mayu,

Mwangaluka, mama yangu. Usinicheke kwa kukuandikia kwa Kiswahili. Kwenye kisomo cha watu wazima walitufundisha kalamu ya Kiswahili tu, na wewe lugha hii ulikuwa ukiiita lugha ya kuitiwa mkutano. Mtu akikusalimia kwa Kiswahili hapo mlangoni, unamwuliza tunahamishwa tena wapi. Sina lugha nyingine ya kuandikia, basi vumilia.

Mvua haijanyesha. Ningependa kuanza na habari nyingine, lakini hiyo ndiyo habari ya kila mtu hapa. Siku moja mawingu yalijikusanya upande wa Mwandoya, tukatoka wote tukasimama nje, hata wagonjwa walitolewa wakaegemezwa ukutani. Yakapita. Tukarudi ndani. Maji tunachimba mchangani mtoni, na siku hizi shimo limekuwa refu hadi anayechota haonekani kichwa. Kaburi lako lilikuwa la kwanza katika kijiji hiki kipya, na siku tulipokuzika niliona uchungu kukuacha peke yako kwenye uwanda ule. Sasa una majirani. Baba ndiye aliyebaki peke yake kule kwenye mahame yetu, ndani ya ua wa minyaa, na sijapata nguvu ya kwenda kumng'olea majani.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni Kabula. Mjukuu wako hataki kula.

Tulimwita Kabula kwa sababu alizaliwa mvua inanyesha, ulimpokea wewe mwenyewe huku paa linavuja, na leo amekonda hadi ngozi ya mkono inabaki imekunjamana ukiishika. Hana homa. Hahari kama ulivyohara wewe. Nilimbeba hadi zahanati, muuguzi akamfunua macho, akamgonga tumbo, akaniambia nimpe uji kidogo kidogo. Mama, uji ninao. Si mwingi, lakini wa kwake upo. Namwekea mbele, anautazama, ananitazama mimi, kisha anageukia mlango. Nikimlazimisha, anakaza meno. Mume wangu Masanja alikwenda kwa miguu hadi Lamadi, akafanya vibarua vya kuanika dagaa, akarudi na mfuko mdogo wa furu wakavu. Nilifurahi kama mwendawazimu. Nikampondea samaki, nikaitoa miiba yote. Alifunga mdomo vile vile. Masanja alitoka nje, na mimi najua alikwenda kulia nyuma ya nyumba, maana alirudi akaanza kugombana na kuku ambaye hatunaye tena.

Nilimkasirikia Mungu. Nakwambia wewe kwa sababu hapa hakuna wa kumwambia. Mwinjilisti Yakobo anasema tunapimwa. Nilitaka kumwuliza kupimwa huku kunaisha lini, maana hata mzani wa pamba huyumbayumba kisha ukatulia, mtu akajua amepata nini. Sikumwuliza. Naye amekonda, suruali anaifunga kwa kamba ya katani, na mke wake anaumwa. Ningemwuliza nini mtu kama huyo?

Unakumbuka ulivyokuwa ukimsumbua Yakobo? Kila jioni kwenye ua wetu wa zamani ulitusalisha ile sala ya Bwana, na tukifika pale pa kuomba riziki ya leo, unasimama. Wewe hukukubali kupita hapo hivi hivi. Unakitaja chakula kwa jina, kilichomo chunguni jioni hiyo: ugali wa mtama, Baba, na mlenda. Au michembe ya viazi na maziwa ya mgando. Ndipo unaendelea. Yakobo alipokukuta siku moja akakwambia kwa upole kwamba sala ile haiongezwi maneno. Ukamjibu, "Siongezi, namfafanulia. Mungu ana watu wengi. Wa ziwani wanakula samaki, Wazungu wanakula mikate. Ukimwambia riziki tu, atajuaje wewe ni wa wapi?" Baba alicheka hadi akakohoa. Alisema unamwagiza Mungu kama unavyomwagiza mwenye duka.

Na Kabula alipoanza kukaa nasi kwenye chakula, ulimshika mkono uliokuwa tayari umefika kwenye ugali ukamwambia, "Usitie mdomoni kitu ambacho Mungu hajaambiwa." Basi ikawa mchezo wenu. Anakaa kitako, mikono mapajani, anakukodolea macho, anangoja pale pako. Ukishataja tu, mkono wake unatangulia hata kabla ya amina.

Gari la operesheni ya vijiji lilipokuja na tukaambiwa tuhamie barabarani, wengine walihangaikia milango na mabati. Wewe ulibeba mafiga yako matatu kichwani, jiwe juu ya jiwe ndani ya ungo, na jioni ile ile ukayapanga kwenye uwanja mtupu na kutaja viazi vya kuchoma. Ng'ombe walipoanza kuanguka hukuacha. Ulipokuja unga wa njano wa msaada, ule ambao watu waliubatiza jina la timu ya mpira kwa ajili ya rangi yake, majirani walisema ni chakula cha mifugo na kwamba unanuka ghala. Wewe ukaunusa, jioni ukataja: unga wa njano, Baba, ule ule wa jana, tumeanza kuuzoea. Nilijiuliza unapata wapi uso wa kumwambia asante. Hata sasa sijui. Siku zako za mwisho, umelala ubavu huwezi kukaa, ulitaja kitu kimoja tu, uji wa Kabula. Chako hukukitaja. Nilifikiri umesahau.

Ulipoondoka niliendelea kusalisha jioni, lakini mahali pale palinishinda. Nikawa nasema riziki, kama Yakobo anavyotaka, napita haraka haraka nisije nikalia mbele ya mtoto.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumapili.

Kanisa letu lilibaki kule na kuta zake. Hapa tunasali kwenye banda la mabua, na kwa kuwa mabua tunalisha punda, banda lenyewe siku hizi ni nguzo tu. Yakobo hakuwa na sauti. Akaniambia, "Mama Kabula, tusalishe wewe, mama yako alikuwa na moyo wa sala." Nilikataa kwa kichwa, lakini wanawake walikuwa wameshasimama. Kabula nilikuwa nimembeba mgongoni. Nikaanza. Tulipofika pale pa riziki, wale wanawake waliokuwa wakija kwenye ua wetu walinyamaza. Walikuwa wanangoja, mama. Hata wao wamezoea pale pako. Nikatafuta la kusema nikakosa. Nyumbani kwa wengine najua hakukuwa na kitu kabisa siku hiyo, ningetaja nini mbele yao? Ukimya ukawa mrefu, watu wakaanza kutazama chini.

Ndipo nikasikia mgongoni pangu sauti ndogo, kavu, kama ya kumwonya mtu mwenye haraka. "Bibi bado hajataja."

Nikaketi chini pale pale. Hakuwa anasusa. Siku zote zile, nilipokuwa nikimpanua mdomo kwa vidole na kumwita mkaidi, mtoto alikuwa anashika adabu uliyomfundisha. Alikuwa anautazama mlango kwa sababu anakungoja wewe uingie, useme kilichomo chunguni, ale. Yakobo alifunika uso kwa kofia. Sala haikumalizika. Hakuna aliyekumbuka kuimaliza, tulitawanyika hivyo hivyo.

Nilipofika nyumbani nilipika uji, mwepesi, wa unga wa njano. Nikamkalisha kwenye mkeka wako. Nikamweleza kwamba bibi haji, kwamba amelala kule uwandani, na kwamba kuanzia leo mimi ndiye nitakayetaja. Sijui alielewa nini. Nikasali, nikafika pale, nikasema: uji, Baba, uji wa Kabula. Kwa Kisukuma, kama ulivyokuwa ukisema wewe. Akanitazama sana. Akatazama mlango tena, kwa muda mrefu hadi nikafikiri nimeshindwa. Kisha akafungua mdomo.

Alimeza kijiko kimoja. Cha pili alimeza nusu. Cha tatu alikitapika chote, na vilivyotangulia.

Ndivyo ilivyo hadi leo, mama. Anafungua mdomo sasa, lakini tumbo limesahau kazi yake. Kinachobaki, kinachotoka, siwezi kupima. Muuguzi anasema tungoje tuone. Masanja amerudi Lamadi. Mimi nakaa naye, nikimwangalia akipumua, na sina ninaloweza. Siku zote nilifikiri imani ni kuwa na uhakika, kama ulivyoonekana kuwa nao wewe. Sasa najiuliza kama nawe ulikuwa hujui lolote, ukataja tu kwa sababu jioni imefika na watu wamekaa. Natamani ungeniambia. Ningekuwa na nafuu kidogo kujua kwamba nawe ulikuwa ukiogopa.

Wino unakwisha, na kalamu ni ya darasa. Barua hii nitaifukia pembeni mwa kaburi lako, na Yakobo akiniona atasema mambo ya kipagani. Nitamwambia siongezi kitu, nakufafanulia wewe.

Nakuahidi hili moja. Kila jioni nitataja. Chungu kikiwa kitupu nitataja maji. Yakikosekana maji nitasimama pale pako nikae kimya, lakini sitapita haraka tena.

Nawe, mayu, kama huko uliko uko karibu na Mungu, na kama bado anakuvumilia maneno yako mengi, usimwombe riziki ya watu wote wa Bariadi, wala mvua, wengine watamwomba hayo. Fanya kama ulivyozoea. Mtajie kwa jina, asije akakosea mtu. Mwambie: Kabula.

Wabeja, asante, mama yangu. Lala.

Mwanao