Tanuri Lisizimwe

Varovets, 4 Machi

Mwanangu Yavor,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni mgongo tu unaonisumbua. Wewe na mkeo hamjambo? Pilipili za kuoka nimezituma kwa basi.

Nakuomba tena kuhusu mdogo wako. Milko anashinda kilabuni. Wewe ndiye mkubwa wa huo mpango wa kuchoma takataka badala ya makaa ya mawe. Huwezi kumpatia hata ufagio hapo kiwanda cha saruji?

Mama yako

Sofia, 19 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, pilipili tumezila zote. Milko aanze Jumatatu kwenye mnara wa tanuri, kuzibua mabomba. Takataka tunazisaga, zinachoma chokaa sawasawa na makaa, na saruji inatoka bila moshi ule wa zamani. Dunia nzima inaelekea huko. Yeye aelekee walau kazini.

Mwanao Yavor

Varovets, 2 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Huku joto limeanza. Jana Milko alitoroka zamu. Anasema takataka zikija na maji mabomba yanaziba, na ukifungua kijilango, unga wa chokaa wenye moto unaruka nje. Anataka tanuri lizimwe kwanza. Nikamwambia, "Kaka yako kasoma kote huko, wewe unaogopa takataka?" Akalia, mwanamume mzima. Nikamfungia mlango mpaka akarudi kazini. Nimekosea?

Mama

Sofia, 9 Juni

Mama,

Shikamoo. Hukukosea. Tarehe ishirini wageni wanakuja kuona tanuri likiwaka bila hata punje ya makaa. Nimewapigia wasimamizi simu: lisizimwe kwa lolote. Milko akitaka baridi akauze aiskrimu.

Yavor

Plovdiv, hospitali, 24 Juni

Yavor,

Sina salamu. Bomba liliziba wageni wako wakiwa mezani. Milko akatumwa afungue. Unga ulimmwagikia usoni. Macho hayapo tena. Anauliza, "Kaka anajua?" Nimjibu nini?

Mama

Sofia, 1 Julai

Mama,

Pole. Nimelia sana. Lakini nisikilize. Wanachunguza ni nani aliyekataza tanuri lisizimwe. Wakinifikia, nitafungwa. Milko hana tena cha kupoteza, mimi ninacho. Karatasi hii inasema alikuwa amelewa, akafungua kwa kiherehere chake. Asaini. Usipomsainisha yeye, umenizika mimi.

Mwanao Yavor

Plovdiv, 8 Julai

Mwanangu Yavor,

Salamu. Mimi mzima. Natumai mkeo hajambo.

Nilimsubiri amalize supu. Akauliza, "Karatasi ya nini, Mama?" Nikamwambia, "Kaka yako amekupatia daktari wa macho huko Vienna, wanataka idhini yako." Akanyoosha mkono kabla sijamaliza kusema. Nikamshikia kalamu.

Karatasi imo humu ndani. Usije kwanza, sauti yako itanishinda mbele yake.

Anakushukuru sana. Anauliza safari ni lini.

Mama yako