Barua pepe ya Abasi

Jesca, usinipigie, siwezi kuongea hapa. Soma tu.

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa chuo. Kaka yangu Abasi yuko ndani, na polisi wameitwa.

Unamkumbuka Mama Winfrida, yule katibu muhtasi aliyesimamishwa kazi juzi, eti kavujisha orodha ya wafanyakazi wanaohamishiwa tawi la Dumila? Hakuvujisha. Ni Abasi. Abasi huyu huyu wa stoo.

Mkewe anakaribia kujifungua, naye Abasi akaogopa kuhamishwa. Akafungua barua pepe mpya, akajifanya fundi wa kompyuta, akamwomba Mama Winfrida paswedi yake. Mama akamtumia. Abasi akaingia, akaisoma orodha, akamwambia mwenzake mmoja. Kufika mchana chuo kizima kinajua.

Leo asubuhi kaniuliza, "Mosi, sijaiba hata shilingi. Hilo nalo ni kosa?"

Nikampeleka kwa jirani yetu wakili. Hakuzunguka. "Kujifanya mtu mwingine kwenye kompyuta ni kosa kisheria. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa yake ni kosa jingine. Hata kama hukuiba."

Abasi akainuka. "Twende kwa Mama Winfrida kwanza."

Nilidhani Mama atatufukuza. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu, "Barua za namna ile huwa nazifuta, mwanangu. Yako ilianza na shikamoo. Nikasema huyu kalelewa."

Akavaa viatu, akaja naye mwenyewe huku kwa mkuu.

Njia nzima Abasi analia, Jesca. Kwa wakili hakulia.