Nilimtangaza Baba Angali Hai

Jumapili, mwanzoni mwa Novemba. Mwezi wa tano tangu nitoke nyumbani.

Mvua imeanza alfajiri na haijakoma. Mtaro umejaa maji, kwa hiyo leo hakuna kazi. Wenzangu wamelala. Mimi nimekaa mlangoni mwa hema na simu yangu yenye kioo kilichopasuka, naandika. Mikono inauma, lakini hiyo nimeizoea.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mtu wa Ng'ambo, Tabora. Nachimba mtaro wa kupitishia mkongo wa intaneti, huku karibu na Uvinza. Shule niliishia kidato cha pili. Kutengeneza tovuti nilijifunza kwa binamu yangu aliyekuwa na chumba cha kompyuta mjini, na sasa natengenezea kwenye simu, jioni, nikishaweka sululu chini.

Ninachotengeneza ni michezo zaidi kuliko kazi. Mwanangu Rehema nilimtengenezea ukurasa wenye baiskeli ya babu yake. Ukigusa kengele inalia, ukigusa tairi linatoa upepo kwa sauti ya aibu, naye anacheka mpaka mama yake, Zuhura, anamnyang'anya simu. Baba nilimtengenezea ukurasa wa njiwa wake, kila njiwa na jina lake na tabia yake. Hapa kambini nimetengeneza gurudumu lenye majina yetu; likisimama kwa mtu, huyo ndiye anasonga ugali. Masima, ambaye ni Mgogo na kwa hiyo ni mtani wangu, anadai nimelitega limwangukie yeye.

Ni kweli nimelitega.

Mwezi uliopita Mzee Sudi, katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana pale mtaani, aliniomba kitu cha maana. Chama kinataka ukurasa wa kutangazia misiba: picha ya marehemu, jina, nyumba ilipo, saa ya mazishi. Ukibonyeza kitufe kimoja, wanachama wote wanapata ujumbe kwenye simu zao; namba zao alinipa, nikaziingiza mwanzo kabisa. Zamani kijana alikuwa anatumwa nyumba kwa nyumba, na wengine walikuwa wanapata habari mtu ameshazikwa. Nilifurahi sana kuombwa. Hakuna mtu mzima wa Ng'ambo aliyewahi kuniomba kitu kama fundi.

Sasa, ukitengeneza ukurasa lazima uujaze kitu ili uone unakaaje. Sisi wa kazi hii tunatia chochote kilicho karibu, tunapima, halafu tunafuta. Kwenye simu yangu picha nzuri ya mzee ilikuwa moja tu: baba, siku ya Idi, amevaa kanzu, amekaa mbele ya banda la njiwa. Nikaiweka. Nikaandika jina lake kamili, mpaka la babu, kwa sababu ni refu na nilitaka kuona kama litaenea kwenye mstari. Nikaandika Inna lillahi kwa sababu tangazo huanza hivyo.

Likaenea vizuri.

Mtandao wa huku unakuja na kuondoka. Nilibonyeza kitufe cha kuhifadhi, hakuna kitu. Nikabonyeza tena, na tena, kwa hasira, na kidole kikagusa cha pembeni yake, cha kutangaza. Vitufe viwili, rangi moja, vimebanana kama mapacha mgongoni. Nimevipanga mimi mwenyewe. Nikaona simu imeganda, nikaizima, nikaenda kula.

Asubuhi yake watu walijaa nyumbani kwetu.

Zuhura ndiye alinisimulia. Wanawake wamejitanda kanga, wanalia kuanzia kona ya msikiti. Vijana wa chama wamebeba turubai na masufuria. Baba ni fundi baiskeli. Alikuwa barazani, amepindua baiskeli ya mteja, anaziba pancha. Akawaona, akanyanyuka kwa heshima, gundi mikononi.

"Jamani, nani katutoka?"

Mama mmoja alikaa chini palepale mchangani. Mwisho Mzee Sudi akasema, "Wewe."

Siku ile baba alicheka. Nataka hili lieleweke, maana sasa watu wanasimulia vingine. Alicheka mpaka akakohoa, akaagiza kahawa, akasema maadamu turubai limefika lisirudi bure. Jioni alinipigia. "We Hamisi, umenizika bila hata kuniosha?" Niliomba radhi mpaka sauti ikanikauka. Akasema yamekwisha. Hata Masima alipata cha kusema wiki nzima: "Nyie Wanyamwezi kubeba mizigo kumewaharibu. Mkiona mtu amekaa tu, mnambeba!"

Dada yangu mkubwa, Mwanaisha, hakucheka. Alisema neno moja tu: uchuro. Kwao yeye na mashangazi, ukimtaja mzima kama maiti umeshayaita mauti, na mauti yakiitwa hayaulizi kama ulikuwa unajaribu ukurasa. Mimi nilimwona mshamba. Nilimwambia hivyo.

Wiki iliyopita baba alianguka.

Alikuwa anawamwagia njiwa mtama. Mkono wa kushoto ukakataa, mdomo ukaenda upande. Hospitali walisema kiharusi, kimetokana na presha ya siku nyingi, na kwamba dawa alikuwa hanywi. Zuhura alinieleza taratibu, neno baada ya neno, kama mtu anayemwekea mgonjwa mto. Halafu Dada Mwanaisha akachukua simu.

"Ulishamzika. Sasa njoo umalizie."

Akakata.

Najua presha haisomi tovuti. Najua, na najisemea nikiwa mtaroni, kila sululu inaposhuka. Lakini nikifumba macho naviona vile vitufe viwili, na najiuliza ingenigharimu nini kuviachanisha kidogo, au kimoja kukitia rangi nyekundu. Mtoto angelijua hilo. Mimi kwenye ukurasa wa kengele ya baiskeli nilihangaika siku tatu ili kidole cha Rehema kisikosee.

Masima ameacha kunitania.

Juzi gurudumu lilimwangukia tena. Akapika bila kulalamika, akaniletea sahani, akaniwekea karibu na mguu, akaondoka. Afadhali angenitukana. Mtani akikunyamazia, unajua hata yeye ameona ni kubwa.

Nilitaka kuondoka siku ileile niliyopata habari. Msimamizi alisema kipande hiki lazima kiishe kabla mvua hazijakolea, na anayetoka asitegemee kukuta nafasi yake. Hilo halikunizuia. Aliyenizuia ni Zuhura.

Alisema nifikirie kwanza. Kwetu mgonjwa akianza kuona watoto wa mbali wanaingia na mabegi, anajua ameshakatiwa tamaa. Baba mwenyewe aliliona kwa kaka yake wa Puge. Yule mzee alikuwa anakula, anaongea, siku wanawe walipofika kutoka Dar akawatazama mmoja mmoja, akageukia ukutani, na hakugeuka tena.

"Na wewe hasa," Zuhura akaniambia. "Wewe uliyemtangaza. Akikuona mlangoni atadhani umekuja kusahihisha tarehe."

Kwa hiyo nimebaki. Nikienda, pengine kufika kwangu ndiko kutakomuua. Nisipoenda, na akafa, nitakuwa mtoto aliyemzika baba yake mara mbili na hakuhudhuria hata moja.

Nimechimba wiki nzima na mawazo hayo. Udongo wa huku juu ni laini, chini ni mawe. Nimevunja mpini wa sululu. Jioni sishiki ukurasa wowote. Rehema ametuma ujumbe kwa simu ya mama yake anauliza mbona njiwa mpya hajaingizwa kwenye ukurasa wa babu. Sijamjibu. Sikuweza hata kuufungua, maana picha ya juu kabisa ni ileile ya Idi.

Na nikiri jambo lingine, kwa kuwa hapa nasema ukweli. Kuna siku mbili katika wiki hii niliombea liishe tu, vyovyote vile, ili nijue. Simwombei baba kifo. Nilichoka kusubiri simu iite. Lakini ukilitazama vizuri ombi lenyewe, sijui lina tofauti gani na lile tangazo.

Leo asubuhi mvua ikiwa imepungua kidogo, mtandao ulikuja, na pamoja nao ukaingia ujumbe wa sauti. Mwanzo nikamsikia Rehema: "Babu, ongea, inarekodi." Kisha pumzi. Kisha baba.

Maneno yake yanatoka yamelowa, yanaburuza mguu. Nimesikiliza mara nyingi mpaka nikayapata yote.

"Hamisi. Ile picha. Kofia imekaa upande, kama mlevi. Mtaa mzima umeniona vile." Akapumzika. Nilisikia njiwa nyuma yake, nikajua wamesharudi naye nyumbani. "Njoo unipige nyingine. Usichelewe."

Halafu Rehema akauliza, "Picha ya nini, babu?" na ujumbe ukakatikia hapo.

Sijui kama alikuwa ananitania au ananiagiza. Nadhani vyote viwili. Baba hajawahi kusema jambo zito bila kulivika mzaha, na siwezi kumwomba aanze leo. Ninachojua ni kwamba ameniita. Sasa nikiingia na begi langu sitakuwa nimekuja kumtisha. Nitakuwa fundi aliyeitwa kurekebisha kazi aliyoiharibu. Dada Mwanaisha anastahili kuniambia lolote, nitamsikiliza, na lile neno mshamba nitalifuta mbele ya mashangazi.

Nimeshazungumza na msimamizi. Amesema nirudishe buti na koti la mvua. Nimevirudisha. Ukurasa wa chama nimeufunga, na Mzee Sudi nimemwambia utafunguliwa nitakapokuwa nimeupanga upya nikiwa nimekaa kwenye kiti, si kwenye tope. Masima amenisaidia kufunga begi.

Nimemtumia baba jibu la sauti. Nilitaka kusema mengi, nikasema shikamoo, nikasema nakuja, nikasema anyolewe ndevu. Mtandao umekatika tena, na sijui kama limemfikia.

Treni inapita hapa Jumanne. Jumatano asubuhi, baba. Kaa hapohapo.